Mwili Haukaririwi

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vyuo vyetu vya afya hupewa wosia hata kabla hajapata kitanda bwenini: anatomia ni kukariri. Atausikia kwa wakongwe wa mwaka wa tatu, atausikia kwa dada yake aliyesomea uuguzi, na mara nyingi atausikia darasani kutoka kwa mwalimu mwenyewe. Mifupa ni 206, misuli inapita 600, neva za fuvu ni jozi 12, na homoni ndiyo usiseme. Basi atafute madesa ya waliomtangulia, anunue kalamu za rangi za kupigia mistari, apige msuli mpaka alfajiri. Mwenye kichwa chepesi atapita, mwenye kichwa kizito atapata sapu, na atakayezidiwa kabisa atadisko arudi kwao.

Wosia huu ni wa uongo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nafundisha anatomia na fiziolojia kwa wauguzi na matabibu wanafunzi, na kila muhula naona namna unavyowaangusha vijana wenye akili nzuri, wasio na kosa lolote ila kuuamini. Lakini hofu yangu kubwa haiko kwa wanaoanguka. Iko kwa wanaofaulu kwa njia hiyo, kwa sababu hao ndio tunaowakabidhi wagonjwa.

Chukua swali linalopendwa sana na watunga mitihani: taja dalili sita za mshtuko unaotokana na kupoteza damu. Aliyekariri anaandika bila kuinua kalamu: mapigo ya moyo kwenda kasi, ngozi kuwa ya baridi, jasho, mkojo kupungua, presha kushuka, kuchanganyikiwa. Anapata alama zote. Sasa mpeleke wodi ya wazazi usiku, mbele ya mama wa miaka 22 aliyejifungua saa moja iliyopita. Kanga zimelowa. Mapigo ni 118 kwa dakika, viganja vimepoa, presha inasoma 110 kwa 75. Muuguzi wetu anaiangalia presha, anaiona nzuri, anamwambia, "Pumzika mama, uko salama," kisha anaelekea kitanda cha pili. Orodha yake ilimwambia presha hushuka, na presha haijashuka.

Mwenzake aliyesoma kwa kufuata sababu hawezi kuondoka pale kitandani. Damu imetoka, kwa hiyo inayorudi kwenye moyo ni kidogo, na moyo uliojazwa kidogo hutoa kidogo kwa kila pigo. Katika ateri za shingoni na kwenye tao la aota kuna vihisio vya msukumo wa damu. Vikiona msukumo unalegea tu, shina la ubongo huamuru mambo mawili kwa pamoja: moyo uongeze kasi, na mishipa midogo ya ngozi, utumbo na figo ibane, ili damu iliyobaki iende kwenye ubongo na kwenye moyo wenyewe. Ndiyo maana viganja vinapoa. Ndiyo maana mkojo unapungua. Mfumo uleule wa neva unaobana mishipa huamsha tezi za jasho, ndiyo maana ngozi ya baridi inatoka jasho, jambo ambalo kwa aliyekariri ni fumbo la kumeza tu. Na ndiyo maana presha bado inasoma 110: mwili mchanga unatumia nguvu zake zote kuishikilia. Tena ujauzito ulikuwa umeshamwongezea mama huyu damu kwa kadiri ya theluthi moja mpaka nusu, hivyo anaweza kupoteza nyingi kabla kipimo hakijaonyesha. Kitakapoonyesha, muda uliobaki utakuwa mfupi mno.

Muuguzi huyu hakuhitaji kubeba dalili sita kichwani. Alihitaji jambo moja, lile la kwanza, na mengine yakajileta yenyewe kwa mpangilio wake. Anajua hata ipi hutangulia na ipi huja mwishoni, habari ambayo orodha haina mahali pa kuiandika, na kwa mama yule habari hiyo ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Watetezi wa kukariri wana hoja nzito, na sitaikwepa. Wanasema: hayo ni ya fiziolojia, ambayo kweli ina mantiki, lakini anatomia ni majina, na majina hayana sababu. Hakuna akili itakayokuonyesha kwamba mfupa huu wa kifundo cha mkono sharti uitwe skafoidi na ule luneti. Ni kweli, majina lazima yakae kichwani, na mwanafunzi asiyeyajua hawezi hata kusoma ripoti ya eksirei. Ninachokataa ni mambo mawili wanayoyapachika juu ya ukweli huo: kwamba majina ndiyo anatomia yenyewe, na kwamba njia ya kuyaweka kichwani ni kuyasoma tena na tena.

Tuanze na hili la pili, maana ndilo linalowala wanafunzi usingizi. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha habari cha kujifunza. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne mfululizo, na kwa wastani wakawa wamekipitia mara 14 hivi. Kundi jingine lilikisoma kipindi kimoja tu, mara tatu na ushei, kisha katika vipindi vitatu vilivyobaki likawa linaandika kila linachokumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza kwa asilimia 83 dhidi ya 71. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yakageuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 40, waliojipima asilimia 61. Na walipoulizwa mapema wanadhani watakumbuka kiasi gani, waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi.

Hapo kwenye imani ndipo penye mtego. Ukisoma ukurasa wa figo mara ya tano, macho yanatambua kila neno, na kutambua kunajifanya kujua. Mwanafunzi anafunga daftari saa tisa ya usiku akiwa ameridhika kabisa. Asubuhi, mbele ya karatasi tupu, neno haliji, na anahitimisha kwamba kichwa chake ni kizito. Kichwa hakina tatizo. Usiku kucha hakukiomba hata mara moja kitoe kitu. Alikuwa anakiingizia tu. Mwaka 2009 Karpicke na wenzake waliwauliza wanafunzi 177 wa chuo wanasomaje: asilimia 84 walitaja kusoma tena, asilimia 11 tu walitaja kujipima kwa kukumbuka. Hao walikuwa Wamarekani wenye maktaba na kompyuta. Wetu, wenye madesa ya fotokopi ambayo nusu ya michoro imetoka nyeusi, wana sababu zaidi ya kuacha kuyatazama na kuanza kujiuliza.

Namna yenyewe haihitaji fedha. Funga daftari, chukua karatasi tupu, chora moyo. Si lazima upendeze. Visanduku vinne vinatosha. Ingiza damu kutoka kwenye vena kuu, ipitishe upande wa kulia, ipeleke mapafuni, irudishe kushoto, itoe kwenye aota. Weka kila vali mahali pake na ujiulize inafunguka moyo ukifanya nini. Utakwama. Kukwama huko ndiko kusoma kwenyewe, kwa hiyo usikimbilie kitabu. Hangaika nalo dakika mbili tatu. Kisha fungua, sahihisha kwa wino mwekundu, weka karatasi kando. Keshokutwa chora tena bila kuangalia, halafu wiki ijayo, halafu mwezi ujao. Tangu Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake mwaka 1885 inajulikana kwamba kujifunza kulikotawanywa katika siku kadhaa hudumu kuliko kule kulikorundikwa siku moja. Na mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipopima mbinu kumi za kusomea, mbili tu ndizo walizozipa daraja la juu: kujipima na kutawanya. Kupigia mistari na kusoma tena ziliwekwa daraja la chini. Ni kusema kwamba vile vitu tunavyomwambia mwanafunzi mgeni akanunue dukani ndivyo visivyomsaidia.

Kuna na wale wanaosema, "Mimi ni mtu wa kuona, siwezi kusoma kwa kujiuliza," au "Mimi ni mtu wa kusikia." Imani hii imeenea mpaka kwenye semina za walimu. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake waliipekua kwa makini na hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuitegemea. Kisha Polly Husmann na Valerie O'Loughlin wa Chuo Kikuu cha Indiana wakaifuata hukohuko kwenye anatomia, kwa wanafunzi wa somo hilo, na hawakuona kwamba anayesoma kwa "mtindo wake" anafaulu zaidi. Anatomia inataka macho, masikio na vidole kwa kila mtu.

Sasa nirudi kwenye lile la kwanza, kwamba majina ndiyo anatomia. Historia ya somo hili imeshalijibu, na kwa gharama kubwa. Galen, tabibu mkubwa wa zama za Rumi, hakupata nafasi ya kupasua maiti za watu. Alipasua nyani, nguruwe na ng'ombe, na mengi aliyoyaona humo akayahesabu kuwa ya binadamu. Aliandika kwamba taya la chini la mtu ni mifupa miwili. Kwa zaidi ya miaka elfu moja wasomi walilisoma dai hilo, wakalikariri, wakalitahini. Kila mmoja wao alikuwa na taya lake mwenyewe, na kidevu angeweza kukipapasa kwa kidole.

Mwaka 1200 mpaka 1202 Misri ilipatwa na njaa kali, watu wakafa wengi na mifupa ikazagaa nje ya miji. Tabibu aliyekuwa huko wakati huo, Abd al-Latif al-Baghdadi, akaenda kutazama. Akaandika kwamba yeye na wenzake walikagua mafuvu zaidi ya 2,000, na katika yote hawakuona taya la chini isipokuwa mfupa mmoja usio na kiungo katikati. Alimheshimu Galen, lakini aliona kwamba jicho lililotazama ni shahidi bora kuliko kitabu. Katika karne hiyohiyo tabibu mwingine, Ibn al-Nafis, akaandika kwamba damu haiwezi kupenya ukuta wa katikati ya moyo kama Galen alivyodai, bali hupitia mapafuni. Ulaya ikasubiri mpaka mwaka 1543 ndipo Andreas Vesalius, kijana wa miaka 28 aliyefundisha Padua, akachapisha kitabu kikubwa cha mwili wa binadamu. Kabla yake, desturi ya vyuo ilikuwa profesa kukaa juu ya kiti kirefu akimsoma Galen kwa sauti huku msaidizi akipasua chini. Maiti ilikuwa palepale, imefunguliwa, na masikio yote yalikuwa kwenye kitabu. Vesalius alishuka, akashika kisu mwenyewe.

Nikipita mabwenini usiku nikasikia wanafunzi wanasomeana madesa, mmoja juu ya kitanda na watano chini, namkumbuka profesa wa kwenye kiti kirefu.

Tabibu William Harvey naye, katika kitabu chake cha mwaka 1628 juu ya mwendo wa damu, hakuwashinda wafuasi wa Galen kwa majina mengi zaidi. Aliwashinda kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza. Galen alifundisha kwamba ini hutengeneza damu mpya kutokana na chakula na viungo huitumia ikaisha. Tuseme basi, kwa vipimo vya leo, moyo unatoa mililita 70 kwa kila pigo na unapiga mara 70 kwa dakika. Hiyo ni karibu lita 5 kwa dakika, lita 294 kwa saa. Mtu gani anakula chakula cha kutengeneza lita 294 za damu kwa saa? Haiwezekani, kwa hiyo damu lazima iwe ileile inayozunguka. Wanafunzi wetu wote wanajua kwamba moyo hutoa lita 5 kwa dakika, wamekariri. Nikiwauliza inakuwaje pigo likishuka mpaka mililita 40 na mtu bado anahitaji lita 5, wengi hunyamaza. Namba wanayo, matumizi yake hawana. Jibu ni mapigo 125 kwa dakika, na hapo tumerudi kwa mama yetu wa wodi ya wazazi.

Nitaambiwa kwamba vyuo vingi havina maiti za kutosha, na vingine havina kabisa. Najua. Lakini kukosa maiti hakumlazimishi mtu kukariri. Nenda buchani asubuhi ukaombe moyo wa ng'ombe. Uliza kabla ya kulipa, maana mara nyingine mkaguzi wa nyama huwa ameshaupasua. Unaoutaka ni ule uliobaki na kipande cha aota juu yake. Uoshe, utoe damu iliyoganda. Bonyeza upande wa kulia, kisha wa kushoto, na vidole vitakwambia upi unasukuma damu mapafuni hapo jirani na upi unaisukuma mpaka unyayoni. Shika aota kama mdomo wa chupa, mimina maji ndani. Maji hayashuki. Chungulia: vijaruba vitatu vyembamba vimejaa na kukutana katikati, vimeziba. Juu yake kidogo kuna matundu mawili, ambamo moyo hujipatia damu yake wenyewe kabla ya kuwagawia wengine. Sasa pasua upande wa kushoto kutoka juu kwenda chini. Nyuzi nyeupe, ngumu, zimeshuka kutoka kwenye kingo za vali hadi kwenye vichuguu vya misuli. Zivute kwa kidole uone vali inavyokaza.

Mara ya mwisho tulipofanya hivi darasani, binti mmoja ambaye robo tatu ya muhula hakuwahi kunyoosha mkono alipaza sauti: "Mwalimu, kumbe hizi nyuzi ndizo zinazoizuia vali isipinduke!" Akaendelea mwenyewe bila kuulizwa: "Kwa hiyo zikikatika, damu inarudi juu. Inarudi mapafuni. Mgonjwa atashindwa kupumua." Alikuwa ameeleza matatizo ya vali ya kushoto hatua kwa hatua kabla sijayafundisha. Jina la nyuzi hizo alikuwa amelikariri tangu mwezi wa kwanza wa muhula, na halikuwa limemfikisha popote. Hatalisahau tena, kwa kuwa sasa limepata kazi.

Ndani ya moyo huohuo wa ng'ombe, karibu na shina la aota, unaweza kukuta kifupa kidogo kigumu. Binadamu hana. Nawaonyesha makusudi, ili wajue Galen alikosea wapi, na kwamba kutazama kunataka kulinganisha.

Mwili ulio karibu zaidi ni wa mwanafunzi mwenyewe. Madesa yote yanasema kazi ya msuli wa mbele wa mkono wa juu ni kukunja kiwiko. Kunja kiwiko cha kulia mezani, shika msuli huo kwa mkono wa kushoto, kisha geuza kiganja kwa nguvu kama unayekaza skrubu kwa bisibisi. Utausikia ukivimba kuliko ulipokunja. Msuli huo ni mgeuzaji mkubwa wa kiganja, na fundi seremala anaujua kwa uchovu wake wa jioni. Tafuta mapigo juu ya unyayo, kati ya kidole gumba na cha pili, ukipanda kidogo. Ukiyapata kwako utayatafuta kwa mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda.

Mahali ndipo penye roho ya anatomia. Kila mwanafunzi anaweza kukwambia kwamba neva ya siatiki ndiyo kubwa kuliko zote mwilini. Wachache wanaweza kuweka kidole kwenye tako la mtoto na kusema: inapita hapa, nusu ya njia kati ya mfupa anaokalia na nundu ya mfupa wa paja inayoshikika ubavuni. Nchini Uganda madaktari wameandika kwa miaka mingi juu ya watoto waliopooza mguu baada ya kuchomwa sindano ya takoni. Mtoto anaingia kituoni kwa homa akitembea, anatoka akiburuza unyayo. Kwa mtoto mdogo sindano huchomwa kwenye msuli wa paja, kwa nje, na sababu ni ramani hiyo. Aliyechoma bila kuijua huenda alifaulu mtihani wa neva.

Nina kipimo kimoja cha kuelewa ambacho sijaona kikishindwa: mweleze mama mwenye mtoto mgonjwa, kwa Kiswahili. Masomo haya tunayafundisha kwa Kiingereza, na Kiingereza cha kitabu kinamruhusu mwanafunzi kujificha. Anaweza kuandika sentensi nzima kuhusu usafirishaji wa glukosi kwenye utumbo, ikasahihishwa vema, wala yeye hajui imesema nini. Mama hamruhusu kujificha. Anauliza, "Sista, mwanangu anaharisha maji matupu, halafu mnampa maji yenye sukari. Si ndiyo yatamzidishia?"

Ni swali zuri kuliko mengi yaliyo kwenye mitihani yetu. Anayeelewa atajibu: "Mama, ukuta wa utumbo una milango. Kipindupindu au kuharisha kukali kunaweza kuharibu mlango wa chumvi, lakini kuna mwingine unaobaki mzima, na huo haufunguki mpaka chumvi na sukari zije pamoja. Zikiingia, maji yanazifuata. Ndiyo maana tunapima: lita moja ya maji, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ukizidisha sukari, au ukampa soda, sukari iliyobaki tumboni itayavuta maji huko huko, na ataharisha zaidi."

Mlango huo wa chumvi na sukari uliwahi kuwa nadharia tu. Mtafiti Robert Crane aliieleza mwaka 1960. Miaka kumi na mmoja baadaye, katika kambi ya wakimbizi wa vita vya Bangladesh huko Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu kipindupindu kikiwa kimepamba moto. Akachanganya chumvi na sukari kwenye mapipa, akawaacha ndugu wa wagonjwa wanyweshe kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa vikikaribia asilimia 30 vikashuka chini ya 4. Mahalanabis alijua kwa nini yale maji yatafanya kazi, kwa hiyo alithubutu. Muuguzi aliyekariri kiwango tu, bila sababu, akikuta nyumba isiyo na pakiti ya dawa atasema hakuna la kufanya.

Kuhusu vikundi vya majadiliano nisiseme mengi. Diskasheni ambayo mmoja anaeleza na wengine wanaitikia inamfaa yule anayeeleza peke yake. Kila mtu apewe zamu ya kueleza bila daftari, na wengine wamkatize kwa swali la "kwa nini" mpaka akwame. Na kukesha kuachwe. Usingizi ni sehemu ya kazi ya kukumbuka, na anayeukata kwa wiki mbili kabla ya mtihani anafuta usiku alichoandika mchana.

Limebaki pingamizi moja, ambalo wanafunzi wenyewe huniambia kwa uchungu, na kwa haki. "Mwalimu, unatuambia tuelewe, mtihani unatuambia tutaje. Aliyekariri madesa ya mwaka jana kanizidi alama 15." Siwezi kumlaumu kijana anayesomeshwa kwa mkopo, au kwa ng'ombe wa baba aliyeuzwa, kwa kusoma kile kinacholipa. Naweza kumwambia kwamba hata mtihani wa taja na orodhesha unampendelea anayejipima kuliko anayerudia kusoma, almradi aanze mapema. Lakini lawama hii si yake. Ni yetu sisi tunaotunga. Swali la "taja" ni rahisi kuandika na rahisi kusahihisha. Karatasi 120 zinaisha Jumamosi moja. Tunajua maswali yanajirudia, tunajua madesa yanauzwa nje ya geti, na bado tunasimama mbele ya darasa kulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawafikiri.

Tunaweza kuanza na karatasi ya muhula huu. Tuondoe maswali matano ya "taja", tuweke moja refu mahali pake: mama wa miaka 22, saa moja baada ya kujifungua, mapigo 118, presha 110 kwa 75, viganja baridi, mkojo haujatoka. Chora njia kutoka kwenye damu iliyopotea hadi kwenye kila kimoja cha vipimo hivi. Sema kipimo kipi kitabadilika kinachofuata, na kwa nini. Onyesha kwa mchoro mahali utakapoweka mkono kusugua mfuko wa uzazi, na ueleze mfuko huo ukikaza mishipa ya damu inapatwa na nini. Kusahihisha kutachukua Jumamosi mbili. Mimi niko tayari kuzitoa, na najua walimu wenzangu wengi watakubali pia, mkuu wa idara akitupa ruhusa.